Maswali na majibu: namba 4,294,967,297

Baada ya kueleza kwamba namba 4,294,967,297, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ikijumlishwa na 1, ilidhaniwa kuwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, nimepokea maswali kutoka Unguja na Pemba, na haya ndiyo majibu yake.

Je, haigawanyiki hata kwa 3? (Mwanafunzi, Mkoani)

Haigawanyiki, mwanangu. Jumla ya tarakimu zake ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3.

Ni nani aliyedhani kuwa ni tasa? (Wete)

Ni Pierre de Fermat wa Ufaransa, mwaka 1640. Alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa na hupatikana kwa kujumlisha 1 na 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, akaamini kwamba zinazofuata zitakuwa hivyo hivyo. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita, ambayo ndiyo hii yetu, ni 641 mara 6,700,417. Mpaka leo haijapatikana tasa nyingine katika mfuatano huo.

Inakuwaje mtu kuifikia 641 kwa kalamu tu? Zilizoitangulia ni nyingi! (Mwalimu wa skuli, Chake Chake)

Ni kweli, Mwalimu, namba tasa zilizoitangulia ni 115, lakini nyingi hazihitaji kujaribiwa. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa sharti hilo zinabaki 193, 257, 449 na 577, kisha 641 yenyewe, kwa hiyo jaribio la tano linatosha.

Hata kugawanya si lazima, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kwa kuwa 641 ni 640 na 1, basi 640 kwa kipeo cha 4, ukiitoa 1, hugawanyika kwa 641. Vilevile 641 ni 625 na 16. Zidisha zote mbili kwa 2 yenye kipeo cha 28, nawe utapata 640 kwa kipeo cha 4 ikijumlishwa na 2 kwa kipeo cha 32, jumla ambayo nayo hugawanyika kwa 641. Toa ile ya kwanza katika hii ya pili, na kinachobaki ni namba yetu kamili. Tafadhali waandikie wanafunzi ubaoni hatua kwa hatua, wala usiwakimbize.

Ikiwa ingekuwa idadi ya mikarafuu, ingepandwa katika safu sawa ngapi? (Micheweni)

Safu 1, 641, 6,700,417, au kila mti safu yake. Hakuna nyingine, kwa sababu vigawo hivyo viwili vya kati ni tasa.

Kuna njia ya kujua kwamba si tasa bila ya kuvijua vigawo vyake? (Makunduchi)

Ipo. Namba hii ni mraba wa 65,536 na mraba wa 1 zikijumlishwa; tena ni mraba wa 62,264 na mraba wa 20,449. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.