Gobore la mgambo: maswali yenu kuhusu Katiba ya Marekani

*Wamarekani walikuwa wametoka kumfukuza mfalme. Mbona wakaunda tena serikali kuu yenye nguvu?*

Waliyokuwa nayo haikuwa na hela. Kwa mkataba wa muungano wa 1781, Bunge la majimbo 13 halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Liliyaomba majimbo, nayo yakitoa, yalitoa. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni walianza kufunga mahakama, na Januari 1787 wakiongozwa na Daniel Shays, kapteni wa zamani wa vita vya uhuru, wakaliendea ghala la silaha la Springfield. Jeshi lililowasambaratisha hatimaye liligharamiwa na matajiri wa Boston waliochangishana. Mei mwaka huohuo wajumbe wakakutana Philadelphia, na hapo ndipo Katiba mpya ikaandikwa.

*Wapinzani wa Katiba hiyo waliogopa nini hasa?*

Jeshi la kudumu, na mgambo wa majimbo, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kushika silaha panapokuwa na haja, kuwekwa chini ya Bunge. Virginia, Juni 1788, jimbo lilipojadili kama liikubali Katiba, mpinzani George Mason aliona mbali: huna haja ya kuwapiga mgambo marufuku, waache tu bila silaha, watakwisha wenyewe. Mpinzani mwenzake Patrick Henry naye aligusia hofu ambayo wenye mashamba hawakupenda kuitaja sana, uasi wa watumwa. James Madison, mmoja wa waandishi wa Katiba, alikuwa ameshajibu gazetini kwa hesabu: askari wa serikali kuu hawatazidi 30,000, mgambo ni karibu nusu milioni.

*Basi Marekebisho ya Pili yanamlinda mgambo au mtu na bunduki yake?*

Marekebisho hayo, nyongeza ya Katiba, ni sentensi moja: inaanza na mgambo, inaishia na haki ya wananchi kushika silaha. Ugomvi wote uko hapo. Rasimu ya Madison ya 1789 ilimsamehe utumishi wa kijeshi mtu ambaye dini yake inamkataza kubeba silaha. Kifungu hicho kiliondolewa, lakini kwangu kinaonyesha kwamba "kubeba silaha" kulimaanisha kwanza uaskari. Mahakama ya Juu iliona vingine mwaka 2008, kura 5 kwa 4: kuwa na bunduki nyumbani kwa kujilinda ni haki ya mtu binafsi, japo ina mipaka.

*Mgambo walipewa bunduki na serikali?*

Wapi! Sheria ya 1792 ilimtaka kila mwanamume mzungu huru wa miaka 18 hadi 45 ajinunulie gobore, singe na mkanda wake, mawe mawili ya akiba ya kuwashia baruti, na mkoba wa kutosha risasi 24.

*Waliwahi kuizuia serikali kuu, kama Madison alivyopiga hesabu?*

Mwaka 1794 Rais Washington aliwakusanya kama 13,000 na kuwapeleka magharibi mwa Pennsylvania, kuwazima wakulima waliogomea kodi ya wiski. Kodi ya serikali kuu.