Kuchagua uzi wa nailoni na kuujaza kwenye rili: kwa wanaoanza

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi, usianze kwa kuuliza uzi unabeba kilo ngapi. Anza na maji utakayovua: ni mang'avu au yamechafuka, chini pana mchanga au matumbawe, mkondo unavuta kiasi gani. Sangara wa kilo 10 kwenye maji ya wazi anatoka kwa uzi wa milimita 0.40, mradi breki ya rili (kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo) imewekwa vizuri na mvuvi ana subira. Chewa wa kilo 4 kwenye matumbawe anaukata uzi huohuo mara moja, maana akishashika chambo anakimbilia pangoni na uzi unasuguliwa na mwamba. Uzito wa samaki peke yake haukuambii ununue uzi gani.

Lebo huandika unene kwa milimita na nguvu kwa kilo au paundi. Paundi 20 ni kama kilo 9, na 50 ni kama kilo 23. Amini unene zaidi kuliko nguvu iliyoandikwa. Nailoni ya kawaida ya milimita 0.30 hubeba kilo 6 au 7, ya 0.40 kilo 10 hadi 12, ya 0.60 kilo 22 hadi 25. Ukiona uzi wa bei nafuu umeandikwa milimita 0.30 na kilo 15, moja ya namba hizo si ya kweli, na mara nyingi uzi wenyewe ni mnene kuliko lebo inavyosema. Kumbuka pia nailoni hunywa maji. Ikilowa hupungua nguvu kwa sehemu ya kumi hivi, wakati mwingine zaidi, na fundo nalo linapunguza tena.

Kwenye maji mang'avu, kama yale ya miamba ya Mafia na Watamu, au Ziwa Tanganyika, samaki anaona vizuri na anasita. Tumia uzi usio na rangi, mwembamba kadiri mazingira yanavyoruhusu: 0.25 hadi 0.35 kwa samaki wadogo wa fimbo. Kama chini pana matumbawe, usiunenepeshe uzi wote. Weka uzi wa kawaida kwenye rili, kisha mwishoni unga mita moja na nusu au mbili za 0.60 au 0.70 zinazobeba ndoana. Hapo ndipo msuguano ulipo, na kipande hicho unakibadilisha bila kugusa rili. Nguru na mzia ni habari nyingine: meno yao yanakata nailoni nene pia, kwa hiyo hapo weka waya mfupi wa sentimita 20 hadi 30.

Maji yaliyochafuka yanakupa uhuru. Kwenye mdomo wa mto Sabaki wakati wa mvua, delta ya Rufiji, au ghuba za Ziwa Victoria zenye mwani, samaki hutegemea harufu na mtikisiko zaidi kuliko macho, hivyo unaweza kupanda hadi 0.45 au 0.50 bila kumfukuza. Kwenye mizizi ya mikoko yenye chaza, na kwenye magugu maji, unahitaji unene huo hasa. Chagua rangi unayoiona wewe, njano au kijani kikali, ili ujue uzi umeelekea wapi.

Mkondo ndio unaosahaulika. Maji yanasukuma uzi kulingana na unene wake: wa 0.80 unasukumwa mara mbili ya wa 0.40. Kasi ya mkondo ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana siku za bamvua chubwi (risasi ya kuzamisha uzi) la gramu 100 lililotulia vizuri wakati wa maji mafu linaburutwa ovyo. Kabla ya kuongeza risasi, jaribu kupunguza unene wa uzi. Kwenye kina cha mita 60 na kuendelea, nailoni pia inavutika sana, hivyo samaki akigusa unahisi kidogo au huhisi kabisa. Zungusha rili mpaka uzi ukaze, ndipo uinue fimbo taratibu na kwa urefu. Kurusha mkono ghafla hakufiki chini, mvutiko unaumeza.

Kabla ya kulipa, kagua. Kata kipande cha nusu mita, piga fundo la kawaida katikati, lowesha, kisha vuta polepole. Uzi mzima unavutika kwanza ndipo ukatike. Ukikatika kavu kama kijiti, umezeeka. Roli, yaani gurudumu ambalo uzi huuzwa umekunjwa juu yake, likiwa limekaa dirishani juani liache hata kama bei ni nzuri, kwa kuwa jua linaila nailoni kuanzia nje.

Kujaza rili ndiko kunakoharibu nyuzi nyingi nzuri. Loweka roli kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 au 20, ili uzi ulegee na usahau umbo la roli. Pitisha ncha kwenye pete za fimbo. Kwa rili ya kurushia, ile ambayo spuli yake (sehemu ya rili inayokunjiwa uzi) imesimama na mkono wa waya ndio unaozunguka, fungua mkono huo kwanza, ndipo ufunge uzi kwenye spuli. Wanaoanza wengi husahau hapa na kulazimika kukata na kufunga upya. Fundo lenyewe ni rahisi: zungusha ncha kwenye spuli, ifunge fundo moja kuzunguka uzi mkuu, piga fundo jingine dogo kwenye ncha, lowesha kwa mate, kaza. Funga mkono wa waya.

Sasa laza roli sakafuni, lebo juu. Bana uzi kwa kitambaa chenye maji kati ya vidole, juu kidogo ya rili, uzungushe mizunguko 15. Simama. Sogeza ncha ya fimbo karibu na roli ili uzi ulegee, utazame. Ukijisokota kama kamba, geuza roli lebo iwe chini na uendelee. Sababu ni kwamba kila mzunguko wa mkono wa waya unaingiza msokoto mmoja kwenye uzi, na roli lililolala upande sahihi linatoa msokoto wa kinyume, vyote viwili vikafutana.

Rili ambayo spuli yake yenyewe inazunguka inataka kinyume. Pitisha kalamu katikati ya roli, mtu ashike, nalo lizunguke likitoa uzi kwa juu.

Jaza mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingo wa spuli. Ukizidisha, uzi unamwagika kwa mafungu unaporusha. Ukipunguza sana, unasugua ukingo na hauendi mbali. Mkazo uwe wa wastani: ukilegea, tabaka za juu zitazama kwenye za chini na kukwama samaki akivuta, ukikaza kupita kiasi, nailoni iliyovutika inajirudi na inaweza kupasua spuli ya plastiki.

Kujua mita ngapi zitaingia, kokotoa. Rili iliyoandikwa mita 240 za 0.35 itachukua 240 × 0.35 × 0.35 ÷ (0.40 × 0.40), yaani kama mita 184 za 0.40.

Breki iweke robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, uipime kwa mizani ya kuning'iniza. Uzi wa kilo 10 unahitaji kilo 2.5 hadi 3. Samaki akichukua uzi mwingi, ilegeze kidogo. Mduara wa uzi kwenye spuli ukipungua hadi nusu, breki ileile inavuta mara mbili, na hapo ndipo wengi hupoteza samaki wakidhani uzi ulikuwa mbovu.

Mnaovua kwa mkono mkiwa kwenye ngalawa au mtumbwi, tumieni 0.80 hadi 1.00, kwani mwembamba unakata vidole. Uzi mlioukunja kwa kuzungusha kibao, uachieni kwa kuzungusha kibao. Ukitupwa nje kwa ubavu, kila mkunjo unaacha msokoto. Kibao cha sentimita 20 kina mikunjo 250 kwa mita 100, ni misokoto mingi mno.

Baada ya kila samaki, pitisha kucha kwenye mita mbili za mwisho. Ukisikia mkwaruzo, kata, funga upya. Jioni suuza kwa maji baridi, weka kivulini. Vipande vya kutupa vikate vifupi vya sentimita chache na uvirudishe pwani. Uzi mrefu ukibaki majini unanasa kasa na ndege kwa miaka.