Shokapu ya usukani: maswali ya madereva wa Nyanda za Juu Kusini

Chini ya Land Cruiser yangu, karibu na ekseli ya mbele, kuna shokapu iliyolazwa. Inafanya kazi gani? (Msomaji, Makete)

Hiyo ni shokapu ya usukani, ambayo ncha yake moja hufungwa kwenye chasisi au ekseli, na nyingine kwenye fimbo zinazogeuza magurudumu. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo: ukigeuza usukani polepole, mafuta hupita bila kukusumbua, lakini tairi likigonga jiwe ghafla, mafuta hayawahi kupita, na pigo hupungua nguvu kabla ya kufika mikononi mwako. Katika kona za kupanda Matamba kutoka Chimala hutaihisi sana. Utaithamini kwenye changarawe iliyofanya mawimbi kama bati.

Nikizidisha mwendo usukani unatetemeka vibaya, na fundi anataka kunifungia shokapu nzito zaidi. Nikubali? (Msomaji, Mafinga)

Usikubali kwanza. Shokapu nzito itauficha mtetemo kwa muda, huku kilicholegea kikiendelea kulika. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, shuku beringi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, tazama pia tairodi, mojawapo ya zile fimbo zinazogeuza magurudumu. Kisha lishushe gari, mtu mmoja azungushe usukani huku na huku injini ikiwaka, nawe ukitazama bushi (mipira ya kwenye maungio) za fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni, ambazo kwa maoni yangu mafundi wengi huzisahau. Balansi na upepo wa matairi navyo vipimwe.

Nimefunga mpya yenye gesi, sasa gari linavuta upande mmoja. (Msomaji, Tukuyu)

Gesi husukuma fimbo ya shokapu itoke nje, na msukumo huo unaweza kuuvuta usukani. Ifungue ncha moja, uifunge pembeni isining'inie, kisha ujaribu gari polepole uwanjani. Likiendelea kuvuta, kagua upepo wa matairi, breki na alaimenti (mpangilio wa magurudumu).

Je, ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona? (Msomaji, Njombe)

Hapana. Kazi hiyo hutokana hasa na mwinamo wa ekseli ya mbele.

Nitajuaje kuwa imekufa? (Msomaji, Mbalizi)

Mafuta yanayovuja ni dalili ya wazi. Isipovuja, ifungue, uivute na kuisukuma kwa mkono: ukinzani uwe sawa pande zote mbili. Ukikuta sehemu inayoteleza bila ukinzani wowote, ibadilishe.