Shoo ya mwisho ya Joy Division

Umesema shoo ya mwisho ya Joy Division, ile bendi ya Uingereza, ni ile ya Bury iliyoisha kwa chupa kurushwa. Hapana mkuu, ni Birmingham, ukumbi wa High Hall pale chuo kikuu, tarehe 2 Mei 1980. Bury ilikuwa Aprili 8, na usiku ule mwimbaji wao Ian Curtis alikuwa hoi, kifafa kilikuwa kimemwandama, akaimba nyimbo chache tu wengine wakapanda kumshikia nafasi, mashabiki wakachachamaa ndo vurugu ikaanza, kwa hiyo watu wanaikumbuka hiyo kuliko ya mwisho yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha tafuta Still, ile albamu yao ambayo lebo ya Factory waliitoa 1981. Usianzie mwanzo maana huko mengi ni mabaki ya studio, nenda sahani ya pili, hapo ndo Birmingham. Wanafungua na wimbo wa Ceremony, na ndo shoo pekee ambayo Joy Division waliupiga wimbo huo mbele ya watu. Sauti ya Ian mwanzoni haisikiki kabisa, sio spika zako zimeharibika, ilirekodiwa hivyohivyo. Mi naipenda hata ikiwa hivyo kuliko ile Ceremony safi ambayo New Order, bendi ya wenzake Ian waliobaki, waliitoa baadaye kama singo yao ya kwanza, ingawa najua hapa nitapigwa mawe. Wimbo wa kufungia ulikuwa Digital.

Kulikuwa na ziara ya Marekani imeshapangwa, ila Ian alifariki Mei 18, kesho yake ndo walikuwa wapande ndege.