Mwanangu yuko Kuwait, na chama kimenijazia maboksi sebuleni

SWALI: Mama, salamu nyingi kutoka Lowell, Massachusetts. Mwanangu wa miaka 22 aliingia jeshi la Marekani mwaka juzi, na mwezi uliopita kikosi chake kimepelekwa Kuwait kwa miezi tisa. Silali. Wenzangu wa chama, tuko kumi na wanne, wanataka kumtumia mandazi, chapati, maembe na nyama ya kukausha. Kanisa nalo linataka kuongeza Biblia 50 awagawie wenzake. Maboksi yamejaa sebuleni na hakuna kati yetu aliyewahi kufanya jambo hili. Tuanzie wapi? — Mama Kijana

JIBU: Mama mwenzangu, pole. Huko kutolala nakujua. Mwaka 2012 wangu alikuwa Afghanistan, upande wa Kandahar, nami hapa jimbo la Washington nilikuwa naamka saa tisa usiku kutazama kama kile kitone cha kijani kwenye simu kimewaka nijue yuko hewani.

Boksi langu la kwanza nililifunga mwezi Julai. Niliweka mandazi ya iliki niliyoyapika usiku ule ule, chokoleti, chupa ya shampuu, na barua ya kurasa mbili. Lilipofika alinitumia picha. Mandazi yalikuwa yameota ukungu wa kijani kibichi kama majani ya mnazi, shampuu imevuja, na chokoleti imeyeyuka kisha ikaganda juu ya barua. Nililia. Yeye akaniambia, "Mama, barua nimeisoma, nimeinyanyua kwenye mwanga wa taa." Ndani yake sikuwa nimeandika lolote la maana, ila kwamba mvua haijakatika wiki nzima na kwamba jirani yetu kapanda sukuma wiki mbele ya nyumba badala ya maua. Alirudi na barua ile, ina doa la kahawia pembeni, imekunjwa mara nne. Jirani alipokuja kumsalimia, la kwanza kumuuliza lilikuwa ile sukuma.

Kwa hiyo mandazi, chapati na maembe yaleni nyinyi hapo Lowell huku mkifunga maboksi. Kifurushi kinachukua wiki mbili, tatu, na kuelekea Krismasi zaidi. Matunda mabichi na nyama mliyokausha nyumbani wekeni kando. Kuwait haikubali nguruwe kwa namna yoyote, hata vile vijiti vya nyama vya dukani, basi someni maandishi ya kila paketi. Pombe ni hivyo hivyo.

Mtumieni majani ya chai ya nyumbani, iliki na tangawizi ya unga, pilau masala, korosho, chevda, ubuyu. Kashata za karanga zinasafiri vizuri zikikaushwa sawasawa. Ongezeni soksi nene, mafuta ya midomo, na vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto wachanga, maana vumbi la kule linaingia mpaka kwenye meno. Kila kitu kiwe ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu, na cha majimaji kisikae boksi moja na cha kula. Ubuyu wekeni mwingi. Wangu alifungua paketi moja, na jioni ile wenzake hemani walikuwa na midomo myekundu, wanamuuliza tunda gani hili.

Posta ya Marekani ina boksi la bei moja lililochapishwa kwa ajili ya anwani za jeshi, lina herufi APO/FPO, yaani posta za jeshi na za wanamaji. Boksi lenyewe unapewa bure. Unalijaza mpaka pauni 70 kwa nauli ile ile, na nauli yake iko chini kuliko ya boksi la kawaida la ukubwa huo. Kwenye anwani andikeni jina lake kamili, kikosi, herufi APO, herufi AE zinazokaa mahali pa jimbo, na namba za posta. Neno "Kuwait" lisionekane popote. Mkiandika nchi, boksi linaweza kuingizwa kwenye barua za kawaida za ng'ambo, nako linaweza kukwama au kurudi, lakini mkiandika APO linahesabiwa kama linaenda jimbo jingine tu la hapa hapa. Fomu ya forodha ijazwe kwa ukweli na kwa undani. Msiandike "zawadi", andikeni "soksi jozi 4, chai paketi 3".

Kuhusu Biblia, naomba mchungaji asinikasirikie. Kwenye anwani za jeshi zilizo nchi kama Kuwait, kitabu cha dini kwa matumizi ya mpokeaji mwenyewe kinaruhusiwa. Shehena ya kugawa hairuhusiwi. Mtumieni mwanenu Biblia yake moja, na kila mama aandike mstari mmoja kwenye kurasa za mwanzo.

Najua kanisa linataka kuwafikia na wale wengine. Zamani mtu aliweza kuandika juu ya bahasha "kwa askari yeyote" na ikafika. Mwaka 2001, baada ya watu hapa Marekani kutumiwa barua zilizotiwa vijidudu vya ugonjwa wa kimeta, wizara ya ulinzi ilifunga mlango huo. Sasa lazima uwe na jina. Yako mashirika ya kujitolea yanayokuunganisha na askari mwenye jina. Soldiers' Angels ni moja, lilianzishwa mwaka 2003 na Patti Patton-Bader, mama ambaye mwanawe alikuwa Iraq na akamwandikia kwamba wenzake wengine hawapati kitu kutoka nyumbani. Alianza na jamaa na marafiki. Ukijiunga nao kumlea askari mmoja, wanakutaka umwandikie kila wiki na kumtumia kifurushi kila mwezi mpaka atakaporudi.

Nyinyi lakini mna njia fupi zaidi. Mwulize mwanao swali moja: ni nani pale kwenu hapati barua? Atakupa majina. Katika kila kikosi yuko kijana ambaye siku ya posta inapogawiwa anajifanya ana kazi nje. Wangu alinitajia wawili, mmoja amekulia kwa walezi wa serikali, mwingine hasemezani na baba yake. Nilimwandikia yule wa kwanza miezi saba. Hakujibu hata mara moja. Siku waliporudi, kwenye ule ukumbi uliojaa bendera, kijana mrefu mwembamba alinijia akasimama mbele yangu hana la kusema, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikajua ndiye.

Basi gawaneni. Wamama kumi na wanne, wawili kila wiki, zamu inarudi baada ya wiki saba. Nasisitiza zamu kwa sababu naijua miezi ile. Wiki za kwanza kila mtu anatuma, kanisani wanasimama na maboksi wanapigwa picha. Ukifika mwezi wa tano tangu aondoke watu wameshachoka, na kijana ndiyo kwanza amechoka zaidi yenu. Kama nguvu yenu ni ya maboksi matatu tu, yawekeni mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Kwenye barua andikeni habari za kawaida: nani kaolewa, mechi ya Gor Mahia imekwendaje, lifti ya jengo imeharibika tena. Msimwulize kazi anayofanya, na tarehe ya kurudi msiiandike Facebook hata kama mnaijua, maana inawahatarisha wote.

Na chama kinaweza kumfanyia jambo jingine kubwa: kumkinga na simu za michango. Ndugu wakisikia yuko jeshini Marekani wanadhani ana hazina. Mwanangu alikuwa akitoka zamu ya usiku anakuta ujumbe sita, wa ada, wa matanga, wa mabati. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amelala. Tulikaa kikao cha ukoo, mjomba wake mkubwa akatoa neno: haja zote zije kwangu mpaka mtoto arudi. Mtafuteni mtu mzima wa kusema neno hilo upande wenu.

La mwisho ni lako mwenyewe, mama. Siku moja ujumbe wake utakatika, siku mbili, tatu. Mara nyingi anapoumia au kufa mtu kambini, mawasiliano yote hufungwa mpaka familia husika iambiwe. Habari ya kifo haiji kwa simu wala kwa WhatsApp. Huja askari waliovaa sare mpaka mlangoni, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa sita usiku. Kwa hiyo ukipokea uvumi kwenye simu, si hiyo. Na mwambie mwanao, kwa upole, ahakikishe anwani yako kwenye fomu yake ya DD 93, ile ya jeshi inayotaja watu wa kujulishwa likitokea la dharura, ni ya nyumba unayokaa sasa. Sisi tunahama hama sana. Nilipomwambia wangu nilimwona anageuza uso, lakini aliijaza.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Likoni, Mombasa. Kaka yetu ni askari wa Marekani na sasa ametumwa nje, hatujui hata wapi. Shangazi aliyemlea tangu darasa la kwanza amelazwa, madaktari wametuambia tujiandae. Baba anasema tusimwambie, asije akapoteza akili kazini. Mimi naona ana haki. Tufanyeje? — Mdogo wake

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni, na Mungu amrehemu shangazi kwa kila alilomtendea.

Baba yenu namwelewa, anamlinda mtoto wake kwa njia anayoijua. Lakini msimwandikie WhatsApp kimya kimya, na msimfiche. Ipo njia ya katikati. Msalaba Mwekundu wa Marekani hupokea habari za dharura za familia za askari, mchana na usiku, bila malipo. Wao huhakikisha na hospitali, kisha hupeleka ujumbe kwa kamanda wake, naye humwita na kumwambia uso kwa uso. Hapo hayuko peke yake na simu gizani. Ruhusa ya kuja nyumbani ni uamuzi wa kamanda, lakini ujumbe uliohakikishwa humpa kitu cha kushika.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa kanuni zao shangazi si mzazi. Kwetu ni mama yake, kwao ni shangazi tu, na mkisema "shangazi mgonjwa" peke yake huenda mambo yakaishia hapo. Semeni wazi kwamba ndiye aliyemlea mahali pa wazazi, tangu mwaka gani hadi mwaka gani, alikaa kwake usiku na mchana, ndiye aliyempeleka shule. Kanuni zao zinamtambua mlezi wa namna hiyo.

Kama mna ndugu Marekani, yeye ndiye apige, itakuwa rahisi zaidi. Mpeni jina la hospitali, wodi, jina la daktari na namba ya kumpata. Mtaulizwa tawi la jeshi, cheo, kikosi, tarehe ya kuzaliwa ya kaka yako. Msichojua mseme hamkijui. Jina lake lakini litajeni lote, kama lilivyo kwenye pasipoti. Lile mnalomwitia nyumbani halitamfikia.