Kwa mnaoanza kutafsiri filamu: niliyoyapata kwa Sophie Scholl

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuandika tafsiri chini ya picha, karibuni. Mmekuwa mkiniuliza muanzie wapi, nami nimekuwa nikiwajibu juu juu, simu mkononi, safari mguuni. Leo nimekaa. Nitawasimulia filamu moja tu, kwa sababu hiyo moja ilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria: Sophie Scholl – Die letzten Tage, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2005. Aliyeiongoza ni Marc Rothemund, na Julia Jentsch ndiye aliyeigiza Sophie. Mwaka huo huo tamasha la filamu la Berlin liliwapa wote wawili tuzo ya Dubu wa Fedha. Nilipewa niiwekee Kiswahili kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi. Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua miezi miwili na nusu, na sijutii hata siku moja.

Kwa ambao hamjaiona, kisa ni hiki. Alhamisi tarehe 18 Februari 1943, Sophie Scholl, miaka 21, na kaka yake Hans, miaka 24, waliingia Chuo Kikuu cha Munich na sanduku lililojaa vipeperushi vya kuwapinga Wanazi. Walivipanga milangoni mwa madarasa wakati vipindi vikiendelea, kisha Sophie akausukuma mrundo mmoja kutoka ghorofani ukaanguka kwenye ukumbi. Mtunza jengo akawaona na kuwazuia. Wakakabidhiwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Mwenzao Christoph Probst, baba wa watoto watatu, alikamatwa kwa sababu rasimu ya kipeperushi aliyoiandika kwa mkono ilikuwa kwa Hans. Jumatatu ya tarehe 22 wote watatu walifikishwa mbele ya Jaji Roland Freisler, wakahukumiwa kifo, na jioni hiyo hiyo wakauawa kwa gilotini katika gereza la Stadelheim. Kutoka kukamatwa hadi kufa ni siku nne.

Sasa, sehemu kubwa ya filamu ni watu wawili wameketi mezani. Sophie upande huu, mpelelezi Robert Mohr upande ule. Hakuna milipuko wala mbio za magari za kumshika mtazamaji. Kila kitu kimebebwa na maneno, na mtazamaji wetu atayapata maneno hayo kwenu tu. Mkiteleza ninyi, filamu nzima imeteleza.

Mimi niliteleza kwa herufi moja. Kwenye mahojiano makubwa kuliko yote, Mohr anashikilia sheria: sheria ipo, na kazi yake ni kuangalia kama mtu ameivunja. Sophie anamjibu kwamba sheria hubadilika, lakini dhamiri haibadiliki. Ndiyo roho ya filamu. Mimi nikaandika “dhamira”. Nikaliandika hivyo mara saba, nikalisoma mara ishirini, sikuliona. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili niliyemwomba anipitie kazi alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu, akaniambia taratibu: “Mwanangu, dhamira ni lile ulilokusudia kulifanya. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayokusuta. Huyu binti hafi kwa ajili ya kusudio, anakufa kwa ajili ya ile sauti.” Nilirudi nyumbani nikaifungua upya kazi yote. Magazetini maneno haya mawili yanachanganywa kila siku na dunia inaendelea, lakini mbele ya Mohr hayachanganyiki. Mtafuteni mtu wa kuwasomea, tena awe mkali, tena awe mkubwa kwenu kwa umri. Msimpelekee rafiki.

Jambo la pili ni chanzo cha mazungumzo yale. Waandishi wa filamu hii walitumia kumbukumbu halisi za mahojiano ya Gestapo, makaratasi yaliyokuwa yamefungiwa Ujerumani Mashariki na yakafikiwa na watafiti baada ya 1990. Kwa hiyo Sophie anapozungumza pale, mara nyingi unasikia lugha iliyopita kwenye taipureta ya karani. Ni kavu, imenyooka, kila jambo lina saa yake. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na Kiswahili kitamu, chenye methali mbili tatu. Kilikuwa uongo mtupu. Nikaenda kusikiliza mashauri mahakama ya mwanzo, maana kule kesi zinaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, nikakaa benchi la nyuma siku tatu na daftari. Nikarudi na mshtakiwa, kielelezo, hati ya mashtaka, maelezo ya onyo, “sina la kuongeza”. Sophie anapoulizwa kwa nini amekwenda chuoni na sanduku tupu, anasema alikuwa anakwenda kwao Ulm kuchukua nguo zilizofuliwa. Niliuandika uongo huo kama anavyoongea mtu mbele ya askari: maneno machache, jicho limetulia. Ukiupamba, mtazamaji anamshuku kabla ya Mohr. Na karibu ungemwokoa, kwa maana saa za mwanzo Mohr alikuwa ameanza kumwamini.

Kuna neno lililoninyima usingizi zaidi ya yote: Volk, yaani watu, umma, taifa. Limejaa mle ndani. Mahakama iliyowahukumu iliitwa Volksgerichtshof, iliyoanzishwa mwaka 1934 baada ya Hitler kuchukizwa na hukumu ya kesi ya kuchomwa Bunge la Berlin, ambayo haikumpa alichotaka. Niiite nini? “Mahakama Maalumu” lingekuwa jina salama. Mwenzangu alishauri “Mahakama ya Umma”. Mimi niliandika “Mahakama ya Wananchi”, na nitalitetea hadi kesho. Wananchi ni neno letu zuri, tumelipenda tangu siku za kupigania uhuru, na ndiyo maana nililichagua: Wanazi nao walikuwa wamechukua neno zuri la watu wao na kulibandika kwenye mlango wa machinjio. Mtazamaji anasoma “Mahakama ya Wananchi” halafu anamwona Freisler amevaa joho jekundu, anafoka, anamkatiza mshtakiwa kila anapofungua kinywa, na maofisa wa jeshi wamejaa viti vya watazamaji. Lile neno zuri linamuuma. Ukilisafisha jina ukaliita maalumu, umewasaidia kuficha.

Kwa upande mwingine, Widerstand, neno la Kijerumani la kuukataa utawala na kusimama dhidi yake, usiliandike “upinzani” bila kufikiri. Kwetu upinzani ni vyama, ni wabunge, ni mikutano ya hadhara. Ukinzani nao wanafunzi wa fizikia wanaujua kwenye umeme. Mimi nilitumia “kuwapinga Wanazi” au “mapambano ya siri”, kadiri sentensi ilivyoomba, na pengine nikaacha kitenzi kifanye kazi peke yake: “tulikataa”.

Hesabu ya nafasi mtaijua haraka. Mstari herufi 42 au pungufu, mistari isizidi miwili, maandishi yasikae chini ya sekunde moja wala kuzidi sita au saba. Watu watawaambia Kiswahili ni kirefu hakienei. Si kweli. Mjerumani anasema Ich habe es ihm nicht gesagt, herufi 28 na nafasi zake. Wewe unaandika “Sikumwambia”, 11, umemaliza, na mtazamaji anapata muda wa kuutazama uso wa Julia Jentsch. Uso ule ndio mali. Kinachotanuka ni makosa ya kisheria: mashtaka yao yalikuwa kumsaidia adui, kuandaa uhaini na kuvunja nguvu ya jeshi, na kila moja kwa Kijerumani ni neno moja au mawili yaliyoshonwa kama gunia. Hayo yagaweni kwenye picha mbili.

Kwa Freisler fanyeni kinyume cha silika yenu. Anapofoka, sentensi zake zinakatika, nanyi mtatamani kuzikamilisha ili zieleweke. Msizikamilishe. Akimkatiza Sophie katikati ya neno, mkatizeni Sophie katikati ya neno. Mtazamaji aone jinsi mtu anavyonyimwa hata kituo cha mwisho cha sentensi yake.

Namna ya kuitana nayo ni mtihani. Mohr anamwita Fräulein Scholl, na anatumia ile “wewe” ya heshima ambayo Kijerumani kinayo na sisi hatuna. Nilianza na “Bi. Scholl” mwanzo hadi mwisho. Halafu nikagundua kwamba Mohr habaki mtu yule yule. Ana mtoto wa kiume aliye vitani upande wa Mashariki. Kuna saa anamtazama huyu msichana kama mzazi, anamfungulia mlango: aseme tu kwamba alimfuata kaka yake, hakujua anachofanya, huenda akapona. Hapo nilimbadilisha akamwita “binti”. Neno moja tu, na ukumbi uliposikika ukinong’ona nilijua limefika. Sophie anaukataa ule mlango, na kuanzia hapo Mohr anarudi kwenye “Bi. Scholl”. Kijerumani hakina mabadiliko hayo. Niliyaongeza mimi, na kuna mwalimu wa Kijerumani aliyenilaumu. Bado naamini nilikuwa mwaminifu kwa kile kilicho usoni mwao, na sisi tumepewa kutafsiri hicho pia.

Wakati mwingine Kiswahili kinakuwa na bahati. Mwanzoni mwa filamu vijana wale wanachapa vipeperushi usiku kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Nilihangaika na “mashine ya kurudufu”, ambayo ni sahihi. Mama yangu alipita nyuma yangu, akaitazama picha akasema: “Si saiklostaili hiyo?” Kwa kizazi chake ile ni harufu ya mitihani ya shule, wino kwenye vidole, stensili inayochanika. Nikaandika saiklostaili. Watazamaji wenye umri wake hawakuhitaji maelezo zaidi kuhusu mwanafunzi mwenye wino mikononi na polisi mlangoni.

Mjiandae pia kwa swali litakaloulizwa taa zikiwashwa. Mzee mmoja alisimama akauliza, bila hasira: hawa ni Wajerumani wale wale wa Majimaji? Ndiyo, nchi ni ile ile, na waliokufa hapa kati ya 1905 na 1907 hatukuwahi kuwaona kwenye filamu ya namna hii. Nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo niliweza kumtajia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyetumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto, akaenda Berlin, akafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wao wa chuo kikuu na kuigiza kwenye filamu zao. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu. Someni kuzunguka filamu, siyo ndani yake tu, maana mtaulizwa ninyi kabla hajaulizwa mwongozaji.

Karibu na mwisho, Hans anapiga kelele Es lebe die Freiheit. Ni maneno ya kweli, aliyatamka kabla ya kisu kushuka. “Uhuru udumu” ndiyo tafsiri ya haraka, lakini mtazamaji wa Nairobi akiona neno uhuru likianza sentensi kwa herufi kubwa, anaweza kufikiria jina la mtu kwanza. Nikageuza: “Udumu uhuru!” Kitenzi mbele, herufi ndogo kwenye uhuru, na kuna mvumo wa kale ndani yake. Pale picha inapokuwa giza na sauti tu inabaki, msiandike maelezo yoyote ya sauti. Acheni giza.

Lakini nilikokaa muda mrefu kuliko kote ni kwenye maneno machache ya mama yake. Wazazi, Robert na Magdalena Scholl, wanaruhusiwa kuwaaga watoto wao gerezani. Mama anamwambia Sophie: Gelt, Sophie, Jesus. Sophie anajibu kwamba ndiyo, lakini na yeye mama asisahau. Hilo gelt ni neno la watu wa kusini mwa Ujerumani, halina maana ukiling’oa peke yake. Ni mtu anayekuomba ukubaliane naye, kama mama anavyokushika kiwiko ukiwa unapanda basi. Nilijaribu “usisahau”, ikawa amri. Nilijaribu “sivyo?”, ikawa mwalimu darasani. “Au siyo” ilikuwa kijiweni kabisa. Siku ya nne nilimpigia simu shangazi yangu wa Tanga, nikamweleza hali ilivyo, mama yuko upande huu, binti yuko upande ule, hawataonana tena. Akanyamaza. Kisha akasema kama anayejisemea mwenyewe: “Yesu, mwanangu, ee?”

Kwa jibu la Sophie nilikuwa na “Na wewe pia”. Ni sahihi neno kwa neno, ila hakuna binti wa kwetu anayemjibu mama yake hivyo mkavu saa ile. Nikaongeza maneno mawili, na nafasi ilitosha.

“Sophie... Yesu, mwanangu, ee?”

“Ndiyo, mama. Nawe pia.”