Jibu: Anayeuza mikataba ya nyumba hushinda akifanya nini?
Mkuu, umeuliza mtu anayefunga mkataba na mwenye nyumba, kisha kumuuzia mwekezaji mkataba huo, hushinda akifanya nini. Kwa sehemu kubwa, simu. Asubuhi anaanza na wenye nyumba alioongea nao zamani, maana aliyekataa mwezi uliopita leo huenda amebanwa na deni au mambo ya mirathi. Wapya baadaye.

Mchana ni hesabu, na hapa ndipo wengi huumia. Anatazama nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni mtaa uleule (bei zilizolipwa, si za kwenye matangazo!), kisha anakadiria nyumba anayoitaka itauzwa kiasi gani ikishakarabatiwa. Wengi hutumia kanuni ya asilimia 70. Tuseme thamani hiyo ni 200,000: asilimia 70 ni 140,000, toa ukarabati 30,000, toa faida yake 10,000, ofa ya juu kabisa inabaki 100,000. Mimi naiona kanuni ya kuchujia nyumba tu. Gharama ya ukarabati huijui mpaka uingie ndani uone paa, mabomba na nyaya.

Jioni anawatumia wanunuzi wenye fedha taslimu taarifa, na kumsumbua mwanasheria kidogo.

Mkataba uwe na kipengele kinachoruhusu kuuhamisha, na mwenye nyumba aelezwe wazi. Kuna sehemu, yakiwemo baadhi ya majimbo ya Marekani, zinazodai leseni ya udalali kwa kazi hii, kwa hiyo ulizia sheria ya kwako kabla hujapiga simu ya kwanza.